Nilinyolewa kwa Ajili ya Jua

Vijana wa kitengo cha elimu kwa umma, mliobaki na gari na yale masanduku, haya ni yangu kwenu. Nimefanya kazi kwenye kituo chetu cha nyota tangu jengo la juu halijapigwa rangi. Sasa nimekaa nyumbani Newala na wajukuu sita. Mmoja yuko chuo kikuu anasoma hesabu, na hesabu hiyo aliianzia jikoni kwangu, sitaki ubishi. Mimi nimeishia darasa la nne. Mkiona neno limekaa upande, liwekeni sawa mwendelee.

Nani alipandishwa cheo na nani alilipwa nini, sitaandika. Mnayajua, na msiyoyajua mtayasikia kwa dereva.

Niliajiriwa kufagia. Siku ya kwanza nilipewa ufunguo wa stoo ya darubini nikaambiwa nipanguse vumbi. Mnalijua vumbi letu la kiangazi, jekundu, linaingia mpaka ndani ya yai. Nikakuta kioo cha mviringo, kipana kama sinia la pilau, kimefifia. Mimi nimelelewa na mama ambaye kwake sufuria isiyong'aa ilikuwa aibu ya ukoo mzima. Nikatafuta majivu, nikakata ndimu, nikasugua. Utando wa juu ukaanza kutoka vipande vipande kama ganda la kitunguu, nami nikafurahi kwamba uchafu unatoka.

Aliyenikuta ni Mwalimu Joakimu. Alikuwa amefundisha fizikia Lukuledi mpaka akastaafu, halafu kituo kikamchukua awe anakwenda mashuleni na vijijini kueleza mambo ya anga. Akakiinua kile kioo kwenye mwanga.

"Mama Zuhura, umetumia nini?"

"Majivu na ndimu, Mwalimu."

"Umelimenya jicho," akasema.

Hakupiga kelele. Kwa bahati kilikuwa kioo cha akiba. Akakitundika ukutani kwenye korido, na hapo kipo mpaka leo. Ninyi mmeambiwa ni kioo cha enzi za kale. Si cha kale, ni changu.

Jioni ile aliniuliza kama najua mwanangu ni nani. Nikamjibu Zuhura ni jina la mama yangu. Akanitoa nje, akanionyesha juu ya mabonde ya Ruvuma ile nyota ya magharibi inayowahi kuwaka kuliko zote. "Huyo hapo," akasema. "Anaitwa hivyohivyo." Nilikuwa na miaka arobaini na kitu, na nyota ile nilikuwa nimeiona kila kiangazi nikiwa na ndoo kichwani. Sikuwahi kuiuliza jina.

Baada ya hapo alinifundisha kwa vitu vya jikoni. Papai ndilo jua, ndimu ndiyo mwezi, kichwa chako ndiyo dunia. Alinichukua vijijini kwa sababu yeye alijua kila kitu na watu walikuwa wanasinzia. Kiswahili chake kilikuwa cha vitabu. Mimi nilisema Chimakonde na Chiyao, na kwa Kiswahili nilisema kama ninavyosema sokoni. Tukazunguka Nanganga, Lukuledi, Kitangari, na vitongoji ambavyo gari ilibidi isukumwe mchangani. Watu hudhani kazi ya nyota ni ya usiku. Yangu ilikuwa ya mchana, na zaidi ilikuwa ya jua.

Mambo ya kazi niliyoyashika kwake ni haya, nanyi yashikeni. Kila miwani ya kutazamia jua iinue kwenye balbu kabla ya safari, ikivuja mwanga hata kwa tundu la sindano ikate kwa mkasi, usiitupe nzima, maana mtoto ataiokota. Darubini ikielekea jua, mtu mmoja asimame nayo hata kama anabanwa na haja. Huku juu usiombe maji ya kunywa nyumbani kwa mtu, maji yake yamepanda mlima kichwani, beba yako. Na kubwa kuliko yote, alilolirudia mpaka nikalichoka: "Usiwaambie kitu kabla hujawauliza wao wanasemaje."

Alifariki mwaka mmoja kabla ya lile jua kupatwa. Nilirithi sanduku lake na daftari lake la mahesabu. Lile la kuuliza kwanza nililisahau. Sasa nawaandikia lilichozaa.

Mnakumbuka kituo kilivyochangamka. Jua lingefunikwa katikati na kubaki pete, na pete ingepita juu yetu hasa. Daktari Upendo, ndiyo kwanza amekuja kuongoza kitengo, akataka kila kitongoji kiarifiwe. Tukafunga spika juu ya gari. Dereva wetu Selemani anaendesha, mimi natangaza: siku fulani jua litaliwa, msiogope, msilitazame kwa macho matupu. Neno "litaliwa" nililichagua mwenyewe, kwa kuwa ndivyo tunavyosema.

Kitongoji chenyewe sikitaji. Kipo mbele ya Kitangari, na watu wake wana wajukuu sasa. Tulifanya mkutano chini ya mabati ya ghala la korosho. Nikaeleza papai, nikaeleza ndimu.

"Anayelila ni nani?" mama mmoja akauliza.

"Hakuna anayelila. Mwezi unapita mbele yake."

"Mwezi, mchana?"

"Mchana."

"Nani kauona?"

Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Halafu mwanamume mmoja wa makamo akasema, bila kucheka, "Sisi anayelila tunamjua." Vicheko vikakatika. Nikaona vichwa vinageuka, kimoja baada ya kingine, kuelekea nyumba ya mwisho kwenye mikorosho.

Selemani alinisubiri kwenye gari. "Mama Zuhura, hawa wameshamwita mnyoaji. Siku ya jua ndiyo siku yake. Kuna bibi pale, Binti Athumani. Yule aliyesema ni mtoto wa kaka wa marehemu mumewe."

Kwa ninyi mliotoka mbali: huku kwetu mtu akidhaniwa mchawi huitiwa mnyoaji. Hukalishwa mbele ya watu, hunyolewa nywele zote, hupakwa dawa, huapishwa. Husemwa kwamba akirudia atakufa. Hapigwi. Lakini nilimjua mzee mmoja upande wa Nanganga aliyenyolewa. Baada ya hapo hakuna aliyempokea salamu, akaacha kula, na mwezi haukuisha akafa.

Nikaenda kwenye ile nyumba. Bibi alikuwa kizingitini anamenya muhogo, mdogo wa mwili, nywele nyeupe pe.

"Shikamoo, Binti Athumani."

"Marahaba. Wewe ndiye wa spika?"

"Ndiye mimi."

"Litakufa?"

"Jua halifi, bibi. Litarudi siku ileile."

Alinitazama kama mtu anayejua amedanganywa ila hana nguvu za kubishana. Akarudi kwenye muhogo wake.

Nikamfuata mwenyekiti wa kitongoji. Nikafungua daftari la Mwalimu Joakimu nikamsomea: litaanza kuumwa saa nne na robo, pete itajifunga kabla ya adhana ya adhuhuri, saa saba na nusu litakuwa zima. "Andika," nikamwambia. "Nikikosea, fanyeni mlilopanga. Nikipatia, mjue ni hesabu, si bibi, na mumwache." Akaandika, akasaini, nami nikasaini. Nilirudi Newala nimevimba kichwa. Daktari Upendo alinipa mkono mbele ya watafiti.

Siku ilipofika tulikuwa pale tangu asubuhi. Walikuwa wanapuliza salfa mashambani, unga wa njano umelala kwenye majani na harufu yake imekaa kooni. Mnyoaji alikuwa ameshafika. Alikuwa mtu mpole, shati limepigwa pasi, wembe wake uko ndani ya bahasha mfukoni. Alinisalimia vizuri sana.

Saa nne na robo mwenyekiti alitazama saa yake, akatazama kwa miwani, akashusha miwani.

Nilikuwa nimeeleza kupatwa kwa jua mara mia. Hakuna aliyenieleza mimi lilivyo. Mwanga haukupungua kama wa jioni. Ulibaki mweupe lakini ukawa umekonda, kama maji ya mchele yanavyoongezwa maji. Vivuli vyetu vikawa vikali, nikaona kivuli cha unywele mmojammoja mkononi mwangu. Baridi ikapanda kutoka ardhini. Kuku wakapanga foleni kuingia bandani, bila haraka, kama walioambiwa. Upepo ukanyamaza, na inzi pia, mpaka nikasikia mtu wa upande wa pili wa uwanja akimeza mate.

Kisha pete ikajifunga. Chini ya mikorosho, kila tundu la mwanga kati ya majani likageuka pete. Mchanga mzima ulijaa pete za moto, maelfu, zinatikisika kidogo. Zilikuwa kwenye migongo ya watu, kwenye paji la uso la mtoto aliyebebwa, kwenye mikono ya mnyoaji. Nilijua sababu yake, niliwahi kuifundisha kwa boksi na tundu la msumari. Kujua hakukunisaidia. Mwanamke mmoja alikuwa anajifuta pete mikononi, anafuta, anafuta, hazitoki.

Wote tulitazama juu. Binti Athumani peke yake alitazama chini. Alikuwa amesimama mbele ya mlango wake, pete zimemjaa kanga nzima, midomo inacheza.

Wakaanza kupiga vinu na madebe. Daktari Upendo akaniambia niwakataze. Sikuwakataza. Ningewakataza kwa mdomo upi, mimi niliyewaambia litaliwa?

Pete ikakatika upande mmoja, mwanga ukaanza kunenepa. Mimi nikangoja shangwe. Hapakuwa na shangwe. Niliposhusha miwani niliona wananitazama mimi. Yule mama aliyekuwa ananicheka siku ile alirudi nyuma hatua mbili na mtoto wake.

"Umepatia," mwenyekiti akasema.

"Nilikwambia."

"Hata dakika haikupotea."

"Ni hesabu, mwenyekiti."

Mnyoaji akasogea. Alinisemesha kwa upole, kama daktari wa meno. "Mama, kazi hii nimeifanya miaka mingi. Sijaona mtu anayejua dakika ya jambo kama hili, isipokuwa aliyelipanga."

"Na wa kwenye daftari aliyenihesabia?"

"Yuko wapi?"

"Amefariki."

Watu wakaguna. Jibu hilo lilinimaliza kabisa.

Daktari Upendo alinishika mkono anivutie kwenye gari. Yule mtoto wa shemeji yake Binti Athumani akapaza sauti: "Basi wawili. Walikuwa wanaongea kizingitini, tuliwaona. Wanyolewe wote wawili."

Nikamwona bibi anatoka mlangoni anakuja mwenyewe, polepole, kichwa kimeinama, anajileta. Nikamkumbuka mzee wa Nanganga.

"Mwenyekiti," nikasema, "umesaini kwamba nikipatia mtamwacha. Nimepatia. Kama mnaona mwenye jua ni mimi, basi ni mmoja, si wawili. Nikalisheni mimi. Yeye arudi ndani, na asiguswe leo wala kesho."

Walijadiliana kwa sauti ya chini. Kisha kigoda kikaletwa.

Daktari Upendo alisema, "Mama Zuhura, usifanye hivyo. Unatuvunjia miaka yote ya kazi." Alikuwa anasema kweli. Nikakaa.

Mnyoaji alifungua kitambaa changu kwa adabu. Mkono wake ulikuwa mwepesi. Jua lilikuwa bado halijawa zima, na zile pete chini sasa zilikuwa zimekuwa vipande kama kucha, vimejaa mchangani, na nywele zangu zikawa zinaangukia juu yake. Akanipaka dawa nyeusi, baridi, inanuka moshi, akasema niape sitarudia.

"Sitarudia," nikasema.

Nawaandikia ukweli maana sina kazi ya kupoteza tena. Niliposema neno lile, kwa pumzi moja, niliamini ni mimi. Nililiona jua nikiwa nimelishika. Ikapita. Saa saba na nusu likawa zima, kama ilivyoandikwa.

Njiani Selemani hakuwasha redio. Daktari Upendo alilia, halafu akakasirika, halafu akaandika ripoti. Ndani yake nilikuwa "changamoto iliyojitokeza". Miezi mitatu nikawekwa kwenye kuhesabu miwani.

Lakini sikuweza kulala vizuri kwa sababu ya yule bibi na midomo yake. Nywele zilipoanza kuota nikaomba ruhusa, nikapanda bodaboda na kilo ya sukari, nikaenda mwenyewe. Watu walinipokea kwa furaha, mnajua? Mzee wa Nanganga alikuwa wa kwao; mimi ni mgeni, na mgeni akishanyolewa amekwisha, hana tena la kuogopwa. Yule mama aliyerudi nyuma na mtoto wake akanipa korosho za kuchoma. Mwenyekiti akaniuliza jingine litakuwa lini.

Binti Athumani hawakuwa wamemgusa. Alinipa nusu ya mkeka wake. Kabla hakujapambazuka nikasikia mlango unafunguliwa. Nikatoka nyuma yake. Ukungu ulikuwa umejaa mikoroshoni mpaka mashina hayaonekani, matawi yanaelea. Alikuwa amesimama anatazama mashariki, amejifunga mikono, anatetemeka.

"Unatazama nini, Binti Athumani?"

"Kama litakuja."

Nilikuwa na majibu mengi. Safari hii nikakumbuka. "Wewe unasemaje?" nikamuuliza. "Jua lilipatwa na nini?"

Mashariki ikaanza kuwa kijivu. Kisha akaniambia. Mumewe alipokufa, watoto wa kaka wa huyo mume walichukua mikorosho yote, wakamwachia nyumba. Akaenda kaburini na unga mweupe, akaumwaga, akawaambia mahoka, mizimu ya kwao: hawa waone giza. Hakuwahi kuomba kitu kibaya maishani mwake. Siku ya tatu akasikia spika la gari linatangaza jua litaliwa.

"Nilijua nimejibiwa," akasema. "Nilitaka giza lao wao tu. Sikutaka la wote. Siku ile nilikuwa naomba warudishe, lakini kurudisha sijui, sikufundishwa. Wewe ukakaa kwenye kigoda changu. Tangu siku ile kila alfajiri natoka. Siku nisipotoka, nani ataangalia?"

Mwezi mzima alikuwa hajalala, mwanamke wa miaka themanini, analinda jua. Na aliyempa kazi hiyo ni mimi, kwa spika.

Jua lilipochomoza nikatoa daftari la Mwalimu. Hajui kusoma, lakini rangi ya wino wa zamani anaijua. Nikamwekea kidole chake kwenye mstari. "Siku hii iliandikwa hapa wakati mume wako bado anapanda ile mikorosho. Kabla ya unga wako."

Akapapasa. "Aliyeandika ndiye aliyefariki?"

"Ndiye."

"Basi ni yeye."

Nusura nicheke. "Siye yeye pia. Simama."

Nikachuma ndimu nikaitoboa na uzi. Nikamsimamisha akiwa amelipa jua mgongo, kiganja chake amekikunjua mbele, nikainua ndimu nyuma ya bega lake. Kivuli kikaangukia kiganjani mwake, kikatembea, kikatoka. Nikampa uzi. Akafanya mwenyewe. Kiganja kikawa giza, kikawa mwanga. Alifanya asubuhi nzima, anahama nalo jua linavyohama, mpaka mkono ukamuuma akabadilisha. Nimefundisha maelfu ya watoto, na watu wazima wenye digrii zao. Sijaona mwanafunzi aliyekaa na somo moja namna ile.

Adhuhuri akashusha uzi.

"Lingepatwa hata kama sikwenda kaburini?"

"Lingepatwa."

"Hata kama sikuzaliwa?"

"Hata hapo, Binti Athumani."

Akatazama mikorosho iliyokuwa yake, iliyojaa korosho za watu wengine.

"Basi sikuwa mimi," akasema. Alisema kama mtu aliyeletewa habari ya msiba. Alikuwa na kitu kimoja tu cha kuwatisha wale watu, nami nikakitoa mkononi mwake kwa ndimu. Nikamwambia nitamsindikiza baraza la ardhi, na nilimsindikiza, lakini hiyo ni habari ndefu na haikwenda vizuri.

Siku ile hakula.

Asubuhi niliamka kwa jua lililokuwa limeshaingia kupitia matundu ya mlango, limesambaa kwenye sakafu. Nilishtuka, nikageuka upande wake wa mkeka. Alikuwa amelala chali, mdomo wazi, anakoroma kama mwanamume. Nikakaa kimya, nikamfukuzia inzi mpaka adhana ya adhuhuri.